Programu Huria za Ramani na Historia ya Mipaka katika Mkoa wa Simiyu

1. Utangulizi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwezi Machi 2012, pamoja na mikoa ya Geita, Katavi na Njombe. Wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zilitolewa Shinyanga. Busega ilimegwa kutoka Magu, mkoani Mwanza. Itilima nayo ilizaliwa kutokana na Bariadi. Sensa iliyofanyika Agosti mwaka huohuo iliwahesabu watu 1,584,157 katika mkoa huo mpya, na sensa ya mwaka 2022 ikawahesabu 2,140,497. Ramani yoyote ya karatasi iliyoning'inia ukutani mwa ofisi ya wilaya kabla ya hapo ilipitwa na wakati mara mbili katika muongo mmoja: kwanza kwa tangazo la serikali, kisha kwa wingi wa watu.

Makala haya yanafuatilia historia ya programu huria za kuchora ramani na kuchambua taarifa za kijiografia, na kuihusisha na historia ya mipaka katika eneo hilo la Usukumani. Kwa programu huria ninakusudia programu ambayo msimbo wake umetolewa kwa leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuisoma, kuibadili na kuisambaza. Si kila programu inayotolewa bure ina sifa hizo. Waandishi wengi wanaozizungumzia programu hizi huanza na bei, na kwa halmashauri yenye bajeti finyu bei si jambo la kubezwa. Hata hivyo, hoja ya makala haya ni kwamba faida kubwa zaidi kwa mahali kama Simiyu iko kwingine: hesabu inayouhamisha mpaka kutoka ramani kuukuu kwenda ramani mpya iko wazi, na anayeathirika nayo anaweza kuikagua, au kumtafuta mtu wa kumkagulia.

2. Ramani zilizotangulia

Eneo ambalo leo ni Simiyu lilichorwa kwa mara ya kwanza kwa utaratibu wa kitaalamu katika ramani ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ya mizani ya 1:300,000, iliyochapishwa Berlin. Kazi hiyo iliasisiwa na Richard Kiepert na kukamilishwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Wachoraji walikaa Berlin. Walichokuwa nacho mezani ni madaftari ya njia, yaani kumbukumbu za maofisa na wasafiri waliopita na misafara wakipima mwelekeo na mwendo. Ndiyo maana ramani ile hujaa maandishi kandokando ya njia za misafara na kubaki tupu pembeni. Katika mizani hiyo, milimita moja ya karatasi ni mita 300 za ardhi. Mtu asitafute mpaka wa kijiji humo.

Waingereza walipoichukua Tanganyika waliikuta Usukuma ikiwa nchi ya mifugo, pamba na mbung'o, na uchoraji wao ukaelekezwa huko. Utafiti wa mbung'o ulikuwa na makao yake Shinyanga. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, ukiwa na makao yake Malya, ulihitaji kujua watu wangapi na ng'ombe wangapi wanakaa wapi, ili wengine wahamishiwe maeneo yaliyokuwa na watu wachache. Kitabu cha D. W. Malcolm kuhusu Usukuma, kilichochapishwa mwaka 1953, kinatokana na fikra hizo: ardhi hupimwa kwa uwezo wake wa kubeba watu na mifugo. Ramani ya namna hiyo huhesabu watu. Haiwaulizi wao mpaka wao uko wapi.

Mwaka 1946 Uingereza iliunda Kurugenzi ya Upimaji wa Makoloni, ambayo baadaye iliitwa Kurugenzi ya Upimaji wa Ng'ambo. Kutokana na picha za anga, chombo hicho kilishirikiana na idara ya upimaji ya hapa nchini, kabla na baada ya Uhuru, kutoa ramani za mizani ya 1:50,000 za mfululizo wa Y742. Hizi ndizo ramani za msingi ambazo mpima ardhi wa Tanzania amezitegemea kwa miongo kadhaa. Zinaonyesha mito ya msimu, vilima vya mawe, barabara za vumbi na, palipo na watu, nukta ndogo za nyumba zilizotawanyika.

Nukta hizo hazikudumu. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwatoa watu kwenye miji yao iliyotawanyika na kuwakusanya katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Yaliyobaki nyuma ni matongo, ambayo mengi bado hutambulika kwa ua wa minyaa ulioendelea kukua baada ya mwenyewe kuondoka. Ua wa minyaa, kwa hiyo, ni hati ya aina yake: huonekana katika picha ya anga, na wazee huusoma bila picha. Jambo hili lina uzito kwa mtafiti wa historia ya ardhi, kwa sababu madai mengi ya familia juu ya shamba au ngitili hurejea nyuma ya operesheni, kwenye tongo la babu. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa kwa msimu ili nyasi zipumzike. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, ulioanza mwaka 1986 wakati wilaya za Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, uliufanya utaratibu huo wa kienyeji kuwa msingi wa kurudisha miti. Ngitili ikihesabiwa, hupimwa. Ikipimwa, huwa na mpaka wa namba.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ilikamilisha safari hiyo kisheria. Kijiji kinapaswa kuwa na mipaka inayotambulika na cheti cha ardhi ya kijiji, na mwanakijiji anaweza kupewa hati ya hakimiliki ya kimila. Kuanzia hapo mpaka wa kijiji si tena mto, mti au minyaa peke yake. Ni orodha ya viwianishi.

3. Zilikotoka programu

Programu zinazotumika leo kushughulikia viwianishi hivyo zina nasaba ya kushangaza kidogo. GRASS, mojawapo ya programu kongwe kabisa za uchambuzi wa kijiografia zinazotumika hadi sasa, ilianza kuandikwa mwaka 1982 katika maabara ya utafiti wa ujenzi ya jeshi la Marekani, huko Champaign, Illinois. Jeshi lilitaka chombo cha kusimamia ardhi ya viwanja vyake vya mazoezi. Kwa kuwa iliandikwa kwa fedha za umma, ilitolewa kama mali ya umma. Katikati ya miaka ya 1990 jeshi liliachana nayo, na hapo ndipo programu nyingi hufa. Hii haikufa, kwa sababu msimbo ulikuwa tayari mikononi mwa wengine: Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas kiliiendeleza, kisha kundi lililokuwa Hannover, Ujerumani, na mwaka 1999 ikawekwa chini ya leseni ya GPL. Chombo kilichoundwa kusimamia ardhi iliyofungiwa raia kikawa mali ya raia wa dunia nzima.

PROJ haina umaarufu huo, ingawa bila hiyo nyingine zote zingekuwa vipofu. Iliandikwa na Gerald Evenden wa Idara ya Jiolojia ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kazi yake ni moja tu: kubadili viwianishi kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Frank Warmerdam aliiendeleza baadaye, na yeye ndiye aliyeanzisha mwaka 1998 maktaba ya GDAL, inayosoma karibu kila aina ya faili la ramani. Mwaka 2001 kampuni ya Refractions Research ya Kanada ilitoa PostGIS, inayoiwezesha hifadhidata ya PostgreSQL kutunza maumbo ya kijiografia. Mwaka 2002 Gary Sherman, akiwa Alaska, alianza kuandika programu ya kuzitazama data hizo kwenye kompyuta ya Linux. Ndiyo QGIS. Toleo lake la 1.0 lilitoka Januari 2009, na tangu wakati huo imekuwa programu ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi au wa Dodoma anaweza kuipakua jioni na kuanza nayo kazi kesho yake.

Upande wa data nao ulifunguka. Mwezi Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Steve Coast alianzisha OpenStreetMap huko Uingereza mwaka 2004, na kuanzia mwaka 2008 kumbukumbu za picha za setilaiti za Landsat zikaanza kutolewa bure kwa yeyote. Bila hatua hizo programu ingekuwa jembe pasipo shamba.

4. Mita mia tatu

Hapa ndipo makala haya yanapotaka kukaa, kwa sababu ndipo historia ya ramani na historia ya programu zinapokutana katika ardhi ya Simiyu.

Kila ramani husimama juu ya makadirio ya umbo la dunia. Ramani za Y742 zilisimama juu ya msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960, uliowekwa kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa kutumia umbo la dunia lililokadiriwa mwaka 1880 na Clarke. GPS, na simu zote zinazoitumia, husimama juu ya msingi mwingine, WGS 84. Hakuna kati ya misingi hii miwili ulio wa uongo. Ila namba za mahali palepale hazifanani. Ukichukua viwianishi vya karatasi ya Y742 na kuviingiza katika kifaa cha GPS bila kuvibadili, utasimama takriban mita 300 kutoka mahali palipokusudiwa, kwa sehemu kubwa upande wa kaskazini.

Katika karatasi ya 1:50,000, mita 300 ni milimita sita. Ardhini ni jambo lingine. Mpaka wa urefu wa kilomita kumi unaokwenda mashariki hadi magharibi, ukisogezwa mita 300, hubadili mikono ya hekta 300. Simiyu inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na Pori la Akiba Maswa, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuingiza mifugo katika pori la akiba bila kibali. Mfugaji anayekamatwa na ng'ombe wake mita 200 ndani ya mstari anahukumiwa kwa mstari. Swali la kihistoria ni: mstari huo ulisomwa katika karatasi ipi, na ulihamishwaje hadi kwenye kifaa cha askari? Kosa lilelile humnufaisha mmoja na kumnyang'anya mwingine, kutegemea kijiji kiko upande gani wa pori. Ndiyo maana halifichuki kwa kuwasikiliza walalamikaji wa upande mmoja.

Kubadili kwenyewe si jambo la kanuni moja. Zipo namba zilizokubaliwa kwa wastani wa Kenya na Tanzania pamoja, ambazo ni -160, -6 na -302, na zipo za Tanzania peke yake, -175, -23 na -303. Namba hizo ni mita za kusogeza kitovu cha umbo la dunia katika pande tatu. Ardhini Simiyu, kuchagua kundi moja badala ya jingine hubadili mahali kwa mita chache tu. Kwa mpaka wa pori hilo linaweza kuvumilika, kwa kiwanja cha Somanda mjini Bariadi haliwezi. Matoleo ya karibuni ya QGIS, yakitumia PROJ, huorodhesha njia zote zinazofahamika pamoja na makadirio ya usahihi wa kila moja, na kumwacha mtumiaji achague. Faili likihifadhiwa na namba ya mfumo wake, yaani 21036 kwa Arc 1960 na 32736 kwa WGS 84 katika kanda ya 36 Kusini ambamo Simiyu imo, mtu wa pili anaweza kuirudia hesabu hatua kwa hatua. Inafaa kutaja kwamba orodha ya namba hizo ilianzishwa na wapimaji wa kampuni za mafuta za Ulaya, waliochoka kuchimba mahali pasipo penyewe.

Programu ya kibiashara nayo huweza kufanya hesabu hiyo, na aghalabu huifanya vizuri. Tofauti ni katika uthibitisho. Katika shauri la mpaka, upande usio na leseni ya programu hiyo hulazimika kuamini alichochapisha mwenzake. Katika programu huria, wakili wa kijiji, mwanafunzi, au mtumishi wa halmashauri jirani anaweza kufungua faili lilelile, kwa kanuni ileile, na kupata jibu lilelile au kuonyesha lilipopinda.

5. Kutoka Nairobi na Dar es Salaam hadi bara

Afrika Mashariki haikuwa mpokeaji tu. Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliunda katika siku chache programu iliyopokea taarifa za wananchi kwa ujumbe wa simu na mtandao na kuziweka kwenye ramani. Waliiita Ushahidi, wakautoa msimbo wake kwa umma, na mwaka 2010 ikatumika katika tetemeko la ardhi la Haiti. Jina la Kiswahili likaingia katika msamiati wa waandishi wa programu duniani. Tuwe makini hata hivyo: Ushahidi hukusanya na kuonyesha, si chombo cha kupima wala kuchambua eneo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walianza kuuchora mtaa wao katika OpenStreetMap, na mwaka 2011 jaribio la namna hiyo likafanyika Tandale, Dar es Salaam.

Kutokana na mbegu hiyo, mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria. Tume ya Sayansi na Teknolojia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Benki ya Dunia, Msalaba Mwekundu na wachoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap waliwaandaa wanafunzi na wakazi kuchora mitaa inayofurika. Data ziliingizwa katika QGIS, na kwa kutumia InaSAFE, programu huria iliyotokana na ushirikiano wa Indonesia, Australia na Benki ya Dunia, iliwezekana kukadiria nyumba zitakazofikiwa na maji. Mwezi Agosti 2018 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa FOSS4G, mkutano mkuu wa dunia wa programu huria za kijiografia, uliokuwa umefika Afrika mara moja tu kabla ya hapo, Cape Town mwaka 2008.

Mkazo huo wa Dar es Salaam unaeleweka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu katika jiji kubwa, na fedha za miradi hufuata maafa yanayoonekana. Bara ilifikiwa kwa njia nyingine. Crowd2Map Tanzania, iliyoanza mwaka 2015, ilitumia wachoraji wa kujitolea wa mbali waliofuatisha picha za setilaiti, na wakazi walioongeza majina kwa simu. Kazi yake inayojulikana zaidi ilikuwa wilayani Serengeti, mkoa jirani wa Mara, ambako ramani zilisaidia kuwafikia wasichana wanaokimbia ukeketaji na kuwapeleka katika nyumba salama ya Mugumu. Binti anapopiga simu usiku kutoka kijiji kisicho katika ramani yoyote, njia ya kwenda kwake huanza kwa mtu aliyeichora barabara hiyo.

Uhuria wa programu, hata hivyo, hauifungui data. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa faili za mipaka ya mikoa, wilaya na kata zilizotumika katika sensa ya 2012, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa watafiti. Lakini mpaka wa kuhesabia watu si mpaka wa kumiliki ardhi, na kuutumia wa kwanza mahali pa wa pili ni makosa ambayo tasinifu kadhaa zingeepuka kwa sentensi moja ya maelezo.

6. Majina

Setilaiti huona paa, haioni jina. Kwa Usukumani suala hili si dogo, kwa kuwa majina mengi hubeba sauti ambazo Kiswahili huziandika kwa kusitasita. Msukuma husema Ng'wanza. Serikali huandika Mwanza. Kata ya Ng'hoboko wilayani Meatu ina ritifaa katikati, na katika lugha ya SQL, ambayo PostGIS huitumia, alama hiyo hiyo ndiyo inayofunga maandishi. Asiyeiandika mara mbili katika amri yake atarudishiwa ujumbe wa kosa. Balaa zaidi ni pale amri inapokubali: ritifaa iliyonyooka ya kibodi na ile iliyopinda inayowekwa na programu ya kuandikia ni herufi mbili tofauti kwa kompyuta, na hapo kata moja huwa mbili. Jedwali la wagonjwa likiunganishwa na jedwali la mipaka, Ng'hoboko hutoka bila mgonjwa hata mmoja, kana kwamba ni kata yenye afya kuliko zote mkoani.

Hitilafu kama hiyo hurekebishwa kwa mstari mmoja wa msimbo, mradi awepo mtu anayejua kwamba Ng'hoboko ni moja. Mtu huyo kwa kawaida hayupo Alaska wala Hannover. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kuonyesha, kwa mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kwamba programu huria inaweza kusemeshwa Kiswahili na Watanzania wenyewe bila kuomba ruhusa kwa mtengenezaji. Katika OpenStreetMap kila mahali panaweza kuwa na jina la Kiswahili katika safu moja na la Kisukuma katika nyingine, kwa alama ya lugha ya herufi tatu, suk. Kwa mtafiti anayekwenda Mwanhuzi, Lagangabilili au Nkololo, safu hiyo ya pili ndiyo ya kujazwa kwanza, wakati wazee waliokaa katika matongo kabla ya operesheni wangali wapo wa kuulizwa.